Mama Anauliza Afinye Wapi

Shituru, Likasi, tarehe 8 Septemba 2024

Yaya Osée,

Unisamehe kwanza, kaka yangu. Myezi ine imepita toka kilio ya kumuzika Mama, na sikukuandikia hata mustari moya. Sio kusema nilikusahau. Kila siku ya Posho, ile ya sita ya juma, nilikuwa nakamata bic na karatasi, halafu Dan analia, ao maharagi inaungua, ao usingizi inanikamata pale pale na kichwa juu ya meza. Nikiamuka, ninakuta paka "Yaya Osée" tu, na laini ya bic yenye ilianguka mpaka chini ya karatasi. Karatasi za vile niko nazo tatu. Hii ya ine, nilisema itafika.

Hapa tunapumua. Bertin bwana yangu iko ku Kambove, anachimba, anarudia Posho na udongo mwekundu mpaka mu masikio. Dan aliota meno mbili na anatumia zote mbili juu yangu. Tantine Eugénie, jirani wa parcelle ya pembeni, anakusalimia, anauliza: ile asali ya Mitwaba yenye ulimuahidia, nyuki bangali banaitengeneza? Usine, ile kiwanda, inalia sirène yake saa munane ya muchana sawa zamani, na upepo ikigeuka, harufu ya acide inaingia mpaka mu manguo yenye nilisha kufula.

Sasa mambo yenyewe. Ni Kamama.

Unajua vile tunafanyaka: mutoto akibeba jina ya Mama, anakuwa Mama. Minye mwenye nilimuzaa, ninamuita Kamama, na siku ingine "Mama" mbio-mbio, na ananiangalia sawa mukubwa yangu. Lakini toka ile tarehe 14 ya mwezi wa tano, siku Mama alikufa mu kiti yake na mutoto juu ya magoti, Kamama hajatosha neno. Hata moya. Iko na myaka ine. Anakula, anacheza, anacheka hata. Lakini kicheko yake haina sauti, Yaya. Anafungua kinywa, mabega inatikisika, na nyumba inanyamaza.

Ba sœurs, bamasista ba dispensaire, balinipatia jina ya docteur moya wa Lubumbashi, docteur Gaëlle, anatunzaka batoto benye sauti yao ilipotea. Kwenda kule kila juma na Dan mu mugongo, siwezi. Anasema anaweza kumuona Kamama mu video, ku tablette, siku ya ine ya juma, saa munane. Alisema tena kwa sauti ya pole, na njo niliogopa: mutoto akipitisha mwaka muzima bila kusema, kumurudisha ni nguvu sana.

Kwa hiyo ninahitaji ile boîte ya wifi yenye ulituma na Placide wa lori mu mwezi wa ine. Ingali mu karton yake chini ya kitanda ya Mama. Karton ilikuwa wazi, sijui nani aliifungua. Niandikie vile ya kufanya ili iingie mu internet. Uandike kwa muntu hajui kitu. Minye nilisoma mpaka quatrième, mwaka wa ine, na mambo ya wifi mwalimu hakufika pale. Ni kichekesho kidogo: weye unajenga pylône, minara za réseau, mu pori, na weye mwenyewe hauna réseau, tunatumiana barua na lori ya simenti ya Kakontwe sawa ba nkambo, babu zetu.

Na swali ingine. Telefone ya Mama iko wapi? Siku ya kilio niliiona juu ya armoire, ile kabati yake. Kesho yake haikuwa.

Mudogo yako,
Jenny


Kambi ya pylône, njia ya Mitwaba, tarehe 24 Septemba 2024

Mudogo yangu Jenny,

Nilifurahi kuona maandiko yako. Huku niko muzima. Tulisimamisha pylône mbili, ya tatu ingali miguu paka. Pitshou, mupishi yetu, anachoma bukari, ugali yetu, chini na kuiacha mbichi juu, sijui anafanyaka namna gani, ni kipaji. Mwambie tantine Eugénie nyuki banamusalimia.

Sasa sikiliza vizuri, tutaenda polepole.

Tosha boîte mu karton. Angalia chini yake: kuna karatasi ndogo ya kunata, yenye jina ya wifi na mot de passe, ile neno ya kufungulia. Usitoboe, usitoshe ile karatasi. Pembeni kuna mulango kadogo. Fungua na ukucha, ingiza carte SIM, kona yenye kukatwa ikuwe mbele, mpaka unasikia "tik". Kama hausikie "tik", itoshe, uanze tena. Haina kosa.

Weka boîte pa dirisha ya upande wa njia ya reli, ndio réseau inapita vizuri. Ingiza mu courant, mu umeme. Taa itakuwa nyekundu. Ngoja. Usiifinye-finye. Unaweza kunyonyesha Dan pale. Ikikuwa kijani, kamata tablette, finya na kidole juu ya Paramètres, ile picha ya gurudumu yenye meno. Finya wifi. Utaona jina ya boîte. Finya juu ya ile jina. Itakuomba mot de passe: andika vile iko chini ya boîte, herufi kubwa ikuwe kubwa, ndogo ndogo.

Kiisha fungua internet na pale juu andika 192.168.1.1, na nukta zake. Utaingia mu nyumba ya boîte yenyewe. Pale unaweza kubadilisha jina na mot de passe, uweke yako. Pale tena kuna liste ya kila appareil, telefone ao tablette, yenye inaingia mu wifi yako. Uiangalie siku kwa siku, bajirani banapendaka megabaiti za bengine.

Kama inakataa, rudilia mwanzo. Mara kumi, mara makumi mbili. Hakuna kitu unaweza kuharibu. Hakuna muntu atakukasirikia.

Busu Kamama kwa ajili yangu.

Osée


Shituru, tarehe 13 Oktoba 2024

Yaya Osée,

Moyo na salamu kwako na kwa Pitshou wa bukari. Dan alikuwa na homa, ilipita. Bertin alianguka mu shimo ya metre moya na nusu, aliumia paka kiburi. Mvua ya kwanza ilipiga jana, bati iliimba.

Barua yako ilifika imejaa vumbi ya simenti, nilipiga chafya mpaka mwisho. Kwanza niliuliza Placide: "Ni Osée kweli aliandika hii?" Anasema: "Niliona na macho." Osée mwenye alinitupia kitabu ya hesabu mu kichwa juu sikuelewa kugawanya! Sasa unaniambia ninyonyeshe mutoto mpaka taa ikuwe kijani. Sikukujua na ile uvumilivu. Nilifurahi, na kidogo nilishangaa.

Nilifanya siku ya Yenga, tarehe 6, kiisha misa. Nilisoma barua yako kwa sauti, mustari kwa mustari, juu mikono yote ilikuwa na kazi. Kamama alikaa pa kiti ya Mama, anasikiliza. Carte SIM nikaikuta ndani tayari, sijui nani aliiingiza. Mara ya kwanza ilikataa. Mara ya pili ilikataa. Bertin anacheka: "Ile mot de passe ni ndefu sawa litania ya batakatifu, ongeza Mutuombee." Kumbe nilikuwa naandika "o" pahali ya zéro. Mara ya tatu, tablette ikafunguka. Nilipiga kelele mpaka tantine Eugénie alitokea na mwiko mu mukono, alizania ni nyoka.

Wifi nikaipatia jina KAMAMA. Mot de passe nikaweka yangu. Sikuambia muntu, hata Bertin, na hata weye sikuandikie hapa.

Sasa ingia na minye mu liste. Mu ile nyumba ya boîte inapashwa kuonekana appareil mbili: tablette, na telefone yangu. Zilikuwa mbili. Sirène ya saa munane ikalia. Kiisha dakika kumi, nikiangalia, ziko tatu. Ya tatu iko na jina: Mama Standard.

Yaya, ni nani mu Likasi muzima anaitwaka vile, kama sio Mama yetu? Myaka makumi mbili na mbili alikaa mu standard ya usine, kuunga bantu mu telefone, na ile sauti yake ya mafuta: "Usikate, ninamutafuta." Mpaka ku soko bantu balikuwa banamuita Mama Standard. Lakini mu machine nani aliiandika? Minye apana.

Nilisema labda ni kosa. Nilingoja kesho yake. Saa munane na dakika kumi, anaingia. Anakaa dakika tisa. Anatoka. Nilihesabu siku sita, ni vile vile, dakika tisa haipungue haizidi. Na mbele hajaingia, Kamama anaacha michezo, anakuja kukaa pembeni ya boîte, anainamisha kichwa kidogo, sikio moya juu. Muchana weupe, jua inawaka, kuku ziko mu lupango, redio ya jirani inaimba. Hakuna kitu ya kuogopesha.

Nani anajua mot de passe yangu? Na telefone ya Mama iko wapi? Ni mara ya pili ninauliza.

Jenny


Kambi, tarehe 29 Oktoba 2024

Jenny,

Hapa sawa. Mvua mingi.

Ni jirani. Telefone zenye zilisha kutumika zinazunguka, muntu anauzisha, mwingine ananunua, jina ya zamani inabakia ndani. Usitengeneze hadisi.

Ingia mu liste, finya juu ya ile jina, finya "bloquer", ile ya kumufungia. Kiisha badilisha mot de passe. Mutoto asikae karibu na boîte, peleka boîte juu ya armoire. Ile dakika tisa usiihesabu tena. Haina maana yoyote.

Placide ananingojea, ninamalizia hapa.

O.


Shituru, tarehe 17 Novemba 2024

Yaya Osée,

Moyo. Barua yako ilikuwa fupi sawa karatasi ya dawa. Tantine Eugénie aliuliza asali, nikamwambia nyuki zake zimegoma.

Nilifanya vile ulisema. Siku ya kwanza ya juma, tarehe 11, nikafinya juu ya jina, nikafinya bloquer. Machine inaniuliza: "Una uhakika?" Nitakuambia kweli: kidole ilikaa hewani. Nilisikia sawa niko nafungia muntu inje na mvua inanyesha. Nikafinya. Mot de passe nikabadilisha. Boîte nikaipandisha juu ya armoire.

Siku tatu jina haikurudi. Siku tatu Kamama hakula ya muchana. Sirène ikilia, anaenda kusimama mbele ya armoire, uso juu, mikono chini, dakika tisa. Bertin, mwenye haogopake kitu, alisema: "Jenny, mutoto huyu anangoja gari ya moshi." Hakucheka.

Siku ya ine, tarehe 14, docteur Gaëlle alikuwa mu video. Mwanamuke muzuri, anacheka na macho. Nilikaa na Kamama juu ya magoti pa kiti ya Mama, tablette mbele yetu. Docteur anamuonyesha picha: kuku, sufuria, kiatu. Kamama anaangalia paka. Kiisha docteur anakunja uso.

"Madame, kuna muntu wa tatu ku laini?"

"Apana, docteur. Siye babili paka."

"Ninaona batatu. Na ninamusikia, anapumua. Mumuombe akate, inaleta mwangwi."

Nikaangalia tablette: saa munane na dakika kumi. Nikanyoosha mukono nitafute pa kufinya ili nimutoshe. Na pale pale, Yaya, Mama alisema. Alinikamata mukono na akasema: "Usikate."

Sikusikia vibaya. Tantine Eugénie alikuwa pa mulango anapepeta muchele, aliangusha lungo yote chini. Ilikuwa ile sauti ya mafuta, sauti ya standard. Akasema mara ya pili: "Usikate." Kiisha, polepole, sawa muntu mwenye haya: "Nifinye wapi?"

Ni ile tu. Toka pale hakuna neno ingine. Nililia, docteur naye alilia kidogo. Muntu wa tatu alikuwa amesha toka.

Docteur alinielezea hivi: mutoto alibakia mu katikati ya maongezi yenye haikuisha. Neno yake ni swali, na anangoja jibu. "Mutafute," anasema, "ile siku bibi yake alikuwa anaongea na nani, na yule muntu alijibu nini. Bila ile, mutoto atabakia pale." Mwezi wa tano iko karibu, Yaya. Mwaka itatimia.

Minye ile muchana nilikuwa ku soko. Nilirudia saa tisa, nikakuta Mama amelala mu kiti na kichwa pembeni, na Kamama anashika telefone ku sikio yake. Telefone yenye ilipotea kiisha.

Nani alikuwa anaongea na Mama, Osée? Sasa siulize tena kwa upole.

Jenny


Kambi, tarehe 2 Desemba 2024

Jenny,

Uliandika "Mama alisema". Hukuandika Kamama. Nilisoma ile mustari nikiwa nimesimama pembeni ya lori. Pitshou alinikalisha juu ya mufuko ya simenti, ananiuliza nani alikufa. Nikamwambia: hakuna mwenye alikufa, Mama alisema. Alitoka mbio kuniletea maji. Ilinichukua mpaka bantu banamaliza kazi nikumbuke kama mutoto naye munamuita vile.

Lakini niliendelea kusoma, na maneno ilikuwa yake. Sio ya mutoto.

Telefone ya Mama iko na minye. Niliibeba siku ya kilio, mu mufuko ya koti, minye mwenye nilikuwa nabeba sanduku ya Mama upande ya mbele. Nilikuwa nasikia inanigonga ku kifua kila hatua. Niliibeba juu ndani iliandikwa: Osée, 14h10, dakika tisa. Sikutaka uione.

Ni minye. Ile boîte niliituma juu ya Mama, anione mu video nikiwa naenda mu miji. Alikuwa na furaha. Aliifungua peke yake, aliingiza carte SIM peke yake. Kiisha alinipigia nimueleze vile ya kuingia. Ile siku nilikuwa Lubumbashi ku bureau, chef iko nyuma yangu, jasho. Nikamuambia mbio: Paramètres, wifi, finya. Akauliza: "Nifinye wapi?" Nikamuambia. Akauliza tena. Dakika tisa, Jenny. Nikamwambia: "Mama, hii mambo sio ya myaka yako. Hautajua. Acha bintu ya bantu." Kiisha akasema, na ile sauti ya kazi: "Usikate."

Nilikata.

Muntu mwenye alikaa myaka makumi mbili na mbili kuunga dunia nzima, hakukatia muntu hata siku moya. Minye nilimukatia. Ba dispensaire balisema presha. Labda ni presha.

Sasa nikuambie ingine, na utafikiri jua ya huku iliniharibu. Telefone iko chini ndani ya malle, sanduku yangu ya manguo, imefungwa mu chemise, shati moya. Haijaona courant toka mwezi wa saba. Tarehe 6 Oktoba, siku ya Yenga, barua yako haijaandikwa hata, nilikuwa natafuta gants za kazi mu malle. Chemise ilikuwa na moto. Nikaifungua. Telefone ilikuwa inawaka, na alama ya wifi imejaa yote, huku pahali kilometre makumi munane hakuna hata réseau ya kuita. Chini ya alama iliandikwa KAMAMA. Sikujua ni nini. Nilisema labda ni kitu ya bafanyakazi. Kiisha barua yako ikafika na ile jina. Njo maana nilikuandikia kufunga.

Ile jina Mama Standard ni minye niliiweka mu telefone yake, siku niliinunua. Alicheka sana.

Tarehe 14 Novemba, saa munane, niliingia mu hema kusudi. Niliifungua. Alikuwa mu Paramètres. Ile pahali ya kuandika mot de passe, nukta nyeusi zilikuwa zinaongezeka. Moya. Kiisha moya. Kiisha inangoja. Kiisha moya, sawa muntu anaandika na kidole moya na anatafuta kila herufi. Ikamaliza. Ikaandika: Imekataliwa. Ikafutika yote. Akarudilia mwanzo.

Mara makumi mbili nilihesabu, Jenny. Nilikuandikia weye usichoke.

Sijui nikutumie nini. Uniambie, nitafanya.

Osée


Shituru, tarehe 5 Januari 2025

Yaya Osée,

Moyo kwako, na mwaka mupya ikukute muzima. Barua yako ilichelewa: Placide alilala siku kumi na moya ku daraja yenye maji ilibeba, alikula Noeli na mikate kavu. Dan anasimama kwa kushika ukuta. Bertin alituletea mbuzi nusu, hakusema ilitoka wapi, sikuuliza, tulikula.

Ningependa kukuambia sikukasirika. Nilikasirika siku tatu. Sikukukasirikia juu ya kukata, kila muntu alimukatia Mama siku moya, hata minye, juu ya kupika. Nilikasirika juu ya kubeba telefone. Myezi munane nilizania Kamama ameharibika, na weye ulikuwa na mufunguo yake chini ya malle. Ile sitakusahaulia mbio. Lakini uko kaka yangu, niko naye moya, na Mama pia alikuwa na kijana moya. Basi.

Sasa sikiliza vile nilifanya. Niliingia mu liste, nikafinya juu ya jina ya Mama, nikatosha ile bloquer. Nikarudisha mot de passe ya kwanza. Boîte nikaishusha ku dirisha. Sirène ikalia. Saa munane na dakika kumi, jina ikarudi. Nilipumua, Yaya, sitakuficha. Nikaambia Kamama, macho kwa macho: "Ile siku ni Osée alikata. Alikata vibaya. Atarudilia." Akaniangalia murefu. Kiisha akaweka kidole juu ya boîte, pa taa ya kijani, akauliza: "Wapi?"

Sauti yake mwenyewe hii mara. Ndogo, ya kukauka, sawa mulango yenye haikufunguliwa. Nilimujibu: "Sijui, mama. Osée njo anajua." Na ni kweli. Siwezi kujibu pahali yako. Nilijaribu kusoma ile barua yako ya Septemba, lakini ile uliandika kwa Jenny, na alikunja uso, akageuka.

Docteur Gaëlle ametupatia tarehe 6 ya mwezi wa pili, siku ya ine. Ninataka bintu yote ifike mbele ya pale. Usitume maombi ya musamaha, usitume asante. Niko nahitaji hii:

Kabo, waya ya bleu ya internet, metre kumi na tano, ili ifike toka dirisha mpaka kiti ya Mama.

Chargeur ya mudomo mwembamba ya telefone ya zamani. Huku soko yote inauzisha paka ya mupya.

Asali ya tantine Eugénie, litre moya, mu bidon yenye haijakuwa na mafuta. Anapepeta muchele kwangu kila siku ya ine sasa, anasema si juu ya kuogopa.

Telefone ya Mama. Usiizime, usiiwashe, usifute kitu ndani. Uifunge mu ile ile chemise na umupatie Placide kwa mukono, asiiweke chini ya simenti.

Namba ine za kuifungulia.

Na barua ingine, yenye haiko yangu. Juu yake uandike: Kwa Mama. Uanze pale boîte ingali mu karton, na uende polepole vile ulinifanyia minye, kila pahali ya kufinya, usiruke hata moya, mpaka taa ya kijani na kupita. Nitaisoma kwa sauti saa munane na dakika kumi, pa kiti yake, na Kamama juu ya magoti. Uandike ndefu. Dakika tisa haitoshe.